Umemaliza kemo na mionzi, usisubiri tarehe ya kadi

Haya mama zangu na dada zangu, karibuni, na nyie wababa sogeeni mbele, haya yanawahusu pia.

Ukishamaliza matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi, ya mfuko wa uzazi au ya ovari (vifuko vya mayai) unapewa ratiba ya kliniki, kwa kawaida kila miezi 3 hadi 6 miaka 2 ya mwanzo, halafu kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5. Mwanzoni wanakubana hivyo kwa sababu ugonjwa ukirudi, mara nyingi unarudi ndani ya miaka 2 au 3. Sasa shida iko hapa, mtu anaona damu leo anasema aah si nina kliniki mwezi ujao, nitasema hukohuko. Hapana jamani! Damu ukeni, uchafu unaonuka, maumivu ya nyonga yasiyoisha, mguu mmoja kuvimba, tumbo kujaa, kukonda tu bila sababu, nenda wiki hii hii.

Na mkifika msinune eti sijapigwa CT skani. Kuulizwa vizuri na kupimwa ukeni ndio kazi yenyewe, skani bila dalili sio ya kila mtu. Hata kile kipimo cha damu cha CA-125 kwa waliougua ovari, utafiti mkubwa uliotoka 2010 ulionyesha kuwahi kuanza kemo, yaani dawa za saratani, kisa namba imepanda, dalili hamna, hakukuongeza maisha.

Sasa lile la aibu, mi nalisema. Mionzi ya nyonga inaacha kovu, uke unabana, unakuwa mfupi na mkavu, tendo linauma na daktari naye hawezi kukupima vizuri, kwa hiyo hata asiye na mume linamhusu. Kuna dailata, vijiti laini vya saizi tofauti, ukisharuhusiwa, wiki chache baada ya mionzi, unapaka kilainishi, unalala chali magoti umekunja, unaingiza polepole dakika 5 hadi 10 hivi, mara 2 au 3 kwa wiki, unaanza na kadogo. Tone la damu sio ajabu, ikizidi rudi. Usipoambiwa, uliza wewe, manesi wengi wanaona haya kama wewe tu. Na wababa, msiharakishe mtu.

Damu kwenye choo au mkojo hata miaka baadaye inaweza kuwa mionzi yenyewe, ila sema. Walioingia ukomo wa hedhi ghafla kwa kutolewa ovari, joto halilali, mifupa nayo inapungua, ulizeni kuhusu homoni, kuna saratani zinazoruhusu na zisizoruhusu, msijinunulie.

Haya, maswali.