Ukirudi Bongo, Anza na Laini ya Jina Lako

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari zenu. Swali ni lilelile kila wiki: "Mtu akirudi Tanzania baada ya miaka mingi, atakuta nini kimebadilika?" Leo nalijibu. Najua wapo watakaosema naringa, na wapo watakaosema naiponda nchi. Sina nia hiyo. Mwendokasi, madaraja na treni ya umeme ya Dodoma mmeshaviona. Twendeni dukani kwa Mangi.

Ukutani pale kuna lipa namba, yaani namba ya kumlipa muuzaji kwa simu. Muuza chipsi anayo, fundi viatu anayo. Ukitoa noti ya elfu kumi saa moja asubuhi unaambiwa chenji hakuna. Kwa hiyo kabla ya nyama choma, tafuta laini, na laini inataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama ya kidole. Ile ya zamani ambayo hukuisajili kwa kidole ilianza kuzimwa Januari 2020, usihangaike nayo. Wanaofanya kazi za maghala na usafi huku ughaibuni, vidole vimesuguika na mashine huvikataa. Siku chache kabla paka mafuta ya mgando, siku yenyewe nawa, kausha, kidole gumba kikigoma jaribu kingine. Ukimaliza piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, dai ifutwe hapohapo.

Waliochukua uraia wa nje wanasajili kwa pasipoti yao ya kigeni. Ndiyo, na viza wanalipia: dola 50, mwenye pasipoti ya Marekani dola 100. Inauma kulipa kiingilio cha kwenda kumzika mama yako, na nitalisema hilo bila kuona haya.

Jambo la kuazima laini ya shemeji linaniudhi mno. Hela ikishaingia kule, kwenye rekodi inasomeka ni ya mwenye jina. Akibadilisha namba ya siri, ushahidi wako uko wapi?

Sasa nyumba uliyoifunga. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Miezi 20 bila kununua umeme ni deni la 30,000, na linakatwa kwanza. Ukinunua wa elfu kumi usishangae taa haziwaki. Nunua kuzidi deni. Halafu mita: ilitakiwa iboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, kwa kuingiza makundi mawili ya tarakimu 20 kila moja kabla ya lile la umeme wenyewe. Mita iliyolala muda wote huo itakataa tokeni, yaani hizo tarakimu za umeme. Usiendelee kubofya, nenda TANESCO, shirika la umeme, na namba ya mita.

Noti ulizozificha kwenye sanduku, zile za matoleo ya 1985 hadi 2003, mwisho wa kubadilisha ulikuwa tarehe 5 Aprili 2025. Na tangu mwaka huohuo kutoza bei kwa dola ndani ya nchi ni marufuku, hivyo mwenye nyumba akikudai kodi kwa dola, mwambie akutajie shilingi.

Kila mtu na hali yake, mwenye NIDA tayari atamaliza haya kwa siku moja. Asiyenayo, aanze na cheti cha kuzaliwa, akitafute kabla hajakata tiketi.