Kwenda Pangani na mbwa: anza kwa kuangalia mwezi

Hamjambo watazamaji. Huyu ni Bobi, mbwa anayetulinda hapa Moshi, na leo tunampangia likizo ya siku nne Pangani, mkoa wa Tanga. Hatukai mjini. Tunakwenda kule kwenye minazi na mashamba ya mkonge, ambako jirani wa karibu ni mvuvi.

Wengi huanza kwa kutafuta nyumba. Nyie anzeni na kalenda. Tazameni picha hizi mbili: ufukwe ni uleule, saa ni ileile, saa kumi jioni. Hii ya kushoto maji yamefika mpaka kwenye mizizi ya minazi, hakuna hata pa kuweka mguu. Ya kulia mchanga umeachwa wazi, unatembea mpaka uchoke. Ya kushoto ni bamvua, mwezi mpevu. Mwezi mwandamo nao huwa hivyohivyo. Wakati huo pwani ya Tanga maji hujaa alfajiri na jioni, na hupwa saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Yaani saa zote nzuri za kumtembeza mbwa, bahari imezichukua. Ya kulia ni maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Hapo maji hupwa jioni. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo fikeni siku mwezi unapofika nusu, mkae siku tatu au nne mbele. Mvuvi yeyote atawathibitishia.

Tarehe zikishapatikana, nendeni kwa daktari wa mifugo, angalau mwezi mmoja kabla. Chanjo ya kichaa cha mbwa inahitaji kama wiki tatu ndipo kinga ikomae, kwa hiyo kuchanja jana na kusafiri leo hakusaidii. Ombeni na chanjo ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioonekana kuwa chanzo. Njia yetu inapita kando ya Mkomazi, na kusini ya Pangani kuna Saadani; zote ni hifadhi za taifa, na mbwa haruhusiwi kuingia. Chukueni cheti cha chanjo, na muulizeni daktari kama wilaya yenu inataka kibali cha kusafirisha mnyama. Dawa ya kupe iwe ya mbwa, ipimwe kwa uzito wake. Ile ya kuogeshea ng'ombe, ya kukadiria kwa jicho kwenye ndoo, iacheni.

Sasa nyumba. Pigeni simu, na msiishie kuuliza "mbwa anaruhusiwa?" Pangani ni mji wa Waswahili wa zamani, wenyeji wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate na unyevu wa mbwa ni najisi: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo ulizeni nani anafua mashuka, nani anaosha vyombo, na yeye anasemaje. Mimi hubeba bakuli la Bobi, gunia lake la kulalia na ndoo yake. Sahani ya mwenye nyumba haigusi.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Safari yetu ya kwanza Bobi alitoka majini, akaenda moja kwa moja kwa mzee aliyekuwa na kanzu nyeupe akielekea msikitini kwa swala ya alasiri, akajikung'uta. Niliyaona matone yakitua kwenye kanzu. Nikasema shikamoo mzee, nisamehe. Akaitikia marahaba, akaitazama kanzu, akasema, "Mwanangu, umenirudisha nyumbani." Hakuongeza neno, akageuka. Tangu siku hiyo, adhana ikisikika Bobi yuko kwenye kamba, upande wa pili wa njia.

Barabarani: zaidi ya kilomita 350, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, halafu Tanga na kushuka Pangani. Wiki mbili kabla mzoesheni gari kwa safari fupi, maana mbwa wa mlangoni gari analijua kwa kulibwekea tu. Ondokeni saa kumi alfajiri, tumbo lake likiwa tupu, ili Same muipite kabla jua halijachachamaa. Asikae nyuma ya pikapu kwenye bati la moto. Mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema. Muheza simameni, maji kwake, machungwa kwenu.

Tumefika. Kabla hajashuka mchangani, wekeni mgongo wa kiganja chini, hivi, mhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Mpeni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kunywa mara kwa mara, la sivyo atakunywa ya bahari, na usiku mtakesha mkisafisha matapishi.

Kamera isogee hapa. Samaki huyu aliyevimba kama mpira, ana meno kama mdomo wa kasuku, ni bunju. Akinasa kwenye nyavu wavuvi humtupa, na mbwa humwona kama zawadi. Sumu yake haiishi kwa kupikwa wala haina dawa ya kuizima. Kwa hiyo nyavu zinapovutwa, kamba mkononi. Na usiku pia, hasa ng'ambo ya mto huko Ushongo, ambako mayai ya kasa kutoka kisiwa cha Maziwe huhamishiwa na kufukiwa. Huchukua kama miezi miwili kuanguliwa. Bobi angeyafukua kwa dakika mbili.

Kwenye mkonge mshikeni karibu. Ncha ya jani ni mwiba, na iko usawa wa jicho lake. Mmea huu wenyewe uliingia Tanganyika mwaka 1893, ukapandwa hapa hapa karibu na Pangani, Kikogwe.

Jioni mwosheni kwa maji baridi, mkaushe masikio, mpapase kupe: ndani ya sikio, kwapani, katikati ya vidole. Mkitembea upande wa Mkwaja, kusini kuelekea Saadani, kuna mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humdhuru mbwa vibaya. Mkisharudi nyumbani, kwa wiki kadhaa mfunueni mdomo kila asubuhi. Fizi zikipauka, au jicho likifanya ukungu, apimwe damu siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kwamba mbwa huyu alikuwa Pangani.