Serikali ina mipaka, na masaa 48 yanahesabika

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, wazee wangu, mama zangu na vijana wa Mikindani. Nimeombwa niongelee serikali yenye mipaka na uhuru wa raia, najua mtu akisikia hivyo anaona ni mambo ya wanasheria huko, ila mi nataka tuanzie na hili boma tunalolipita kila siku. Wajerumani walilijenga 1895. Enzi zile akida, yule mtu wa Wajerumani aliyetawala vijiji, ndo alikuwa anakusanya kodi, huyohuyo anasikiliza shauri lako ukishindwa kulipa, huyohuyo anaamuru uchapwe viboko. Ukaonewa, unaenda kulalamika kwa nani? Kwa bosi wake Mjerumani aliyemtuma. Wenzetu wa Umatumbi kule Kilwa wakalazimishwa kulima pamba kwa malipo ya hovyo kabisa, wakavumilia wee, Julai 1905 wakaing'oa, vita ya Majimaji ikawaka kusini yote, na waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na vyakula walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi.

Ubaya wa akida jamani haukuwa roho mbaya tu. Hata angekuwa mtu mwema, kazi zile tatu hazitakiwi kukaa kwa mtu mmoja. Nyie wakulima wa korosho mnalijua hili kuliko profesa yeyote, si mnamjua yule wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa kinyemela, anakuja na kipimo chake, anapima mwenyewe, bei anapanga mwenyewe, na we una shida ya ada ya mtoto. Mfaransa Montesquieu aliliandika 1748, kwamba anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wawe watu tofauti. Wamarekani walipoandika katiba yao 1787 wakaijenga juu ya wazo hilo, walikuwa wametoka kwenye mikono ya mfalme wa Uingereza, na bado wananchi wakagoma, wakasema haki zetu hazimo humu, ziandikeni, ndo zikaongezwa zile ibara kumi 1791. Lakini tuseme ukweli wote, watu haohao waliacha utumwa uendelee mpaka 1865, na sisi tuliokaa kwenye bandari walikopitishwa watumwa hatuwezi kulipita hilo kimyakimya. Uhuru ulioandikwa kwa baadhi tu haujakamilika.

Na sisi Watanzania je? Tumepata uhuru 1961, katiba haikuwa na orodha ya haki za raia, na 1962 ikaja sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Haki zimeingia kwenye katiba 1984, na hata hapo serikali ikajipa muda, mahakama zimeanza kupokea kesi za haki hizo 1988. Mabadiliko hayohayo ya 1984 ndo yaliweka ukomo wa urais vipindi viwili, mzee Mwinyi akaondoka 1995 na nchi ikaendelea. Mi hilo naliheshimu sana, maana kuna nchi jirani huo ukomo wameshaufuta.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Masaa 48. Sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na tumeshasikia mara ngapi kwenye mikutano, "huyu wekeni ndani masaa 48", mwalimu kachelewa, mtendaji kajibu vibaya, mwananchi kauliza swali la maji. Sheria haisemi hivyo jamani! Inasema awe mtu anayehatarisha amani kweli au aliyetenda kosa la kukamatwa kisheria, kiongozi aandike sababu, na ndani ya masaa 48 mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Yaani 48 ni mwisho wa kumshikilia ili hakimu aangalie, wala siyo adhabu. Adhabu inatolewa na mahakama, ibara ya 107A ya katiba imesema mwenye kauli ya mwisho kwenye utoaji haki ni mahakama. Kiongozi akikasirika akakulaza ndani ili ujifunze adabu, pale amekuwa mlalamikaji, polisi na hakimu kwa wakati mmoja, na tumesharudi kwa akida.

Mtaniambia, mwalimu, sisi tutafanya nini? Kwanza andikeni. Ndugu yako akikamatwa, andika tarehe, saa, nani kaamuru, maneno gani yalisemwa, mbele ya nani, halafu nenda kituoni uulize kosa ni lipi, kuambiwa kosa ni haki yake siyo fadhila. Bila hiyo karatasi hata wakili mzuri anakwama. Pili, na hili mnalidharau sana, mkutano mkuu wa kijiji. Kila mtu wa kuanzia miaka 18 ni mjumbe, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa kila miezi mitatu. Msipokuja, mwenyekiti na mtendaji watasoma kwa viti vitupu na muhtasari utaandikwa kwamba mlikubali, kumbe wengine mlikuwa mnasubiri boti za samaki. Mkija, ombeni muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwanza kabla ya kitu chochote, na kama fedha ya choo cha shule ilipitishwa, ulizeni risiti na mafundi walilipwa shilingi ngapi, mbele ya wote.