Korokoro au Gorogoro? Namna ya Kuiga Sauti za Vitu kwa Kijapani

Habari zenu, karibuni tena jikoni kwangu. Leo hatupiki. Mezani nimeweka gololi, mkasi na ndoo ya maji, na pale chini kuna mtungi mtupu wa gesi. Tunajifunza giongo, maneno ya Kijapani yanayoiga sauti za vitu. Sisi shuleni tuliyaita tanakali za sauti: anguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Ukizikumbuka hizo, hutapata shida leo.

Hatua ya kwanza. Chukua gololi, iachie ibingirike mezani. Sikiliza… Mjapani anasema korokoro. Sasa usukume mtungi kwa mguu, taratibu tu, usije ukavunja vigae vya watu. Huo ni gorogoro. Neno ni lile lile, ila k imegeuka g na kitu kimekuwa kizito. Tazama kwenye skrini:

コロコロ
ゴロゴロ

Umeona vile vitone viwili pembeni mwa herufi? Hivyo ndivyo vinavyoongeza uzito. Vinageuza k kuwa g, s kuwa z, t kuwa d. Shika hapo kwanza, mengine yote yanafuata njia hiyo hiyo. Radi nayo ni gorogoro. Hata mtu anayeshinda Jumapili kwenye kochi, mara ubavu huu mara ule, husemwa anafanya gorogoro. Hana mlio, ila uzito anao.

Kuhusu hiyo r, ulimi uguse mara moja tu, usiitetemeshe. Na wenzangu tunaochekwa kwa kuchanganya l na r, leo tupumue: Kijapani kinayo moja tu.

Hatua ya pili, mlango. Gonga kwa vidole, kistaarabu: tonton. Kama mlango ni mgumu na mlio ni mkavu, konkon. Sasa upige kwa ngumi: dondon. Msizichanganye hizi. Mimi nilipokuwa Japani nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba asubuhi nilikuja kwake nikapiga dondon, hakuitika. Yule mama alishtuka, akaniuliza moto ulikuwa umewaka wapi. Nilikuwa nimemletea machungwa tu.

Hatua ya tatu, ndoo. Dondosha kokoto ndani. Sisi tunasema chubwi. Sasa chukua jiwe kubwa la kusagia, shusha… samahani, kamera imelowa. Sisi bado tunasema chubwi! Mjapani hawezi. Kokoto kwake ni pochan, jiwe ni bochan, na likiwa kubwa hasa likazama na maji yakaruka, dobon. Kiswahili chetu kinauliza kitu kimeangukia wapi, ndiyo maana tuna maji, tope na mchanga, kila kimoja na neno lake. Kijapani chao kinaanza kwa kuuliza kitu kina uzito gani. Kwa hiyo unapotafuta neno la Kijapani, usianze na chubwi kisha ukatafuta mwenzake. Sikiliza kitu chenyewe.

Bomba linalovuja ni vivyo hivyo: matone madogo potapota, matone mazito botabota.

Hatua ya nne, mwisho wa neno. Shika mkasi, kata karatasi mara moja: chokin. Sasa endelea kukata, usisimame: chokichoki. Neno linalorudiwa lina maana kwamba sauti inaendelea. Likiishia na n, kitu kimetokea mara moja, na sauti imeacha mwangwi kidogo. Ukicheza jankenpon, mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi, na watoto wa Kijapani, ule mkono wa vidole viwili, yaani mkasi, unaitwa choki.

Jaribio. Fundi cherehani ana mkasi wake mkubwa, anakata kitambaa kizito cha jinzi. Utasemaje? Simamisha video, fikiri… Jokijoki! Ch imekuwa j. Kama umepata, umelitunga neno ambalo hakuna aliyekufundisha, na Mjapani atakuelewa.

Na treni je? Gatan-goton, gatan-goton. Hapo magurudumu yanapita kwenye viungio vya reli. Ukipanda Shinkansen, ile treni ya kasi, hutausikia mlio huo, maana reli zake zimechomelewa zikawa vipande virefu sana.

Hatua ya tano, iweke kwenye sentensi. Ongeza kijineno to baada ya sauti, halafu kitenzi:

Doa ga batan to shimatta.

Mlango umejifunga kwa kishindo. Ungekuwa mlango mdogo wa kabati, patan. Unaona, ni p na b tena. Ni kama sisi tunavyosema "akafunga ndi", tofauti ni kwamba sisi sauti tunaiweka nyuma ya kitenzi na wao wanaitanguliza. Zile zinazorudiwa mara nyingi hazihitaji hata to: mizu ga potapota ochiru, maji yanadondoka tone kwa tone.

Bado moja, na hii ndiyo naipenda kuliko zote. Maikrowevu za zamani kule Japani zilipomaliza kupasha chakula ziligonga kengele ndogo: chin! Watu wakachukua ule mlio, wakaupachika suru, yaani "kufanya", wakapata kitenzi: chin suru, kupasha chakula kwenye maikrowevu. Siku hizi nyingi hazina kengele. Hii yangu hapa, subirini… mnasikia? Pii, pii, pii. Hata hivyo nikifungua na kutoa maandazi haya ya jana, ninachosema ni kile kile: chin shita. Yameshapata moto. Leteni chai.