Kombe la 1919 Lisitolewe Mezani

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kualikwa tena. Sitaanza na chimbuko la hoki ya barafuni, wala na namna ligi mbili, ile ya mashariki ya Kanada na ile ya Pwani ya Pasifiki, zilivyopatana kwamba mabingwa wao wakutane kugombea Kombe la Stanley, kwa kuwa hayo mnayajua. Naingia moja kwa moja kwenye fainali ya Machi 1919 mjini Seattle, iliyokatika bila bingwa kupatikana, baina ya wenyeji Seattle Metropolitans na wageni wao Montreal Canadiens, kwa sababu bado wapo wanaodai kwamba Seattle wapewe kombe la mwaka ule, na hujibiwa kwa upole ambao hoja yao haiustahili.

Wanasema: Seattle walifunga mabao 19, Montreal 10, basi bingwa anajulikana. Hesabu ni sahihi, lakini haithibitishi kitu. Michezo ilikuwa ikipokezana kanuni. Siku moja ilichezwa kwa kanuni za Pasifiki, zilizoruhusu wachezaji saba, yule wa saba akiwa huru kuzunguka uwanja mzima. Mchezo uliofuata ulichezwa kwa kanuni za mashariki, wachezaji sita tu. Machi 19, kwa kanuni zao, Seattle walishinda 7-0. Machi 22, kwa kanuni za mashariki, Montreal walishinda 4-2, na mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Newsy Lalonde. Machi 24 zikarudi kanuni za Pasifiki, Seattle wakashinda 7-2, na safari hii Frank Foyston ndiye aliyefunga manne. Anayejumlisha mabao hayo kana kwamba yalifungwa katika mchezo wa aina moja hajausoma mfululizo huu, amesoma jumla yake tu. Tena kombe lilitolewa kwa idadi ya michezo iliyoshindwa, si kwa wingi wa mabao.

Sasa naomba mnivumilie kwenye mchezo wa nne, wa Machi 26, kwa maana huo ndio unaopita haraka mno katika masimulizi, na mimi nauona kuwa miongoni mwa michezo mikubwa kabisa ya zama zile. Seattle walihitaji ushindi mmoja tu kulitwaa kombe. Katika lango la Montreal alisimama Georges Vézina, katika lango la Seattle Harry Holmes. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Cully Wilson wa Seattle alitikisa wavu, uwanja ukalipuka kwa shangwe, lakini mwamuzi akalikataa bao kwa kuwa muda ulikuwa umeshakwisha. Tafakarini uzito wa uamuzi ule: bao lile lingekubaliwa, na mengine yakabaki kama yalivyokuwa, tusingekuwa na mjadala wowote leo. Vipindi vitatu vikaisha bila bao. Wakaongezewa dakika 20, na Louis Berlinguette wa Montreal nusura aumalize mchezo, lakini bado hakuna aliyefunga. Timu za siku zile zilikuwa na wachezaji wachache mno, hata wengi wao walicheza karibu mchezo mzima bila kupumzishwa. Ilipopulizwa filimbi ya mwisho baadhi yao walianguka palepale kwenye barafu kwa uchovu, na watazamaji wakasimama kuzishangilia timu zote mbili. Matokeo yaliandikwa 0-0.

Atakayesema kwamba suluhu ile ilipaswa kuamuliwa kwa njia yoyote ili apatikane mshindi, namwuliza ni njia gani, kwa watu wasioweza tena kusimama.

Siku tatu baadaye Seattle walitangulia 3-0, na Montreal wakasawazisha. Katika muda wa nyongeza Jack McDonald akafunga la nne, 4-3. Joe Hall, beki wa Montreal, hakuumaliza mchezo ule. Aliondoka akiwa hoi, na kilichomwangusha hakikuwa uchovu peke yake. Ilikuwa ni ile homa kali ya mafua iliyoshuka pia katika bandari yetu ya Mombasa katika miezi ya mwisho ya 1918. Mjini Seattle walikuwa wamefunga kumbi na makanisa Oktoba, wakayafungua Novemba vita vilipokwisha, na kufikia Machi watu walijazana uwanjani kana kwamba hatari imepita.

Mchezo wa sita ulipangwa Aprili 1. Saa chache kabla ya kuanza ulifutwa, kwani wachezaji kadhaa wa Montreal, akiwamo Lalonde na huyo McDonald, walikuwa kitandani, pamoja na meneja wao George Kennedy. Kennedy aliomba kuazima wachezaji wa Victoria, timu nyingine ya Pasifiki, na rais wa ligi ya Pasifiki, Frank Patrick, akakataa. Ndipo Kennedy akasema Seattle walichukue kombe. Hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Pete Muldoon, kocha wa Seattle, aliukataa ushindi wa mezani. Alikuwa na kila sababu ya kuupokea: wapinzani hawana timu, na meneja wao mwenyewe ameridhia. Alikataa kwa sababu kilichowazuia kucheza ni ugonjwa. Leo watu wasiowahi kuvaa viatu vya barafuni wanataka kumpa kile alichokikataa mbele ya watu wa mji wake, kisha wanaita jambo hilo haki!

Joe Hall alifariki kwa nimonia Aprili 5, palepale Seattle. Alizaliwa Uingereza, akakulia Manitoba, akatwaa kombe na Quebec mwaka 1912 na 1913. Kwa ukali wake uwanjani walimwita Joe Mbaya, na wapo wanaomtaja kwa jina hilo tu. Mtu aliyeingia uwanjani Machi 29 na kufariki siku saba baadaye anastahili kutajwa kwa zaidi ya hilo.

Naambiwa muda unaniishia. Kennedy hakupata tena afya yake, akafariki 1921. Kombe lilipoundwa upya mwaka 1948, timu zote mbili ziliandikwa, pamoja na maneno kwamba mfululizo haukukamilika; maandishi hayo ni ya kweli na yaachwe yalivyo. Kuhusu Bernie Morris, aliyewafunga Montreal hao hao mabao 14 katika fainali ya 1917, na ambaye safari hii alikuwa mikononi mwa jeshi la Marekani kwa tuhuma za kukwepa kuandikishwa, najua mtaniuliza kama angebadili matokeo. Huenda. Lakini hakucheza, na kombe haligawiwi kwa mabao ya mtu ambaye hakuwapo uwanjani. Nakaribisha maswali.