Mshahara unaangaliwa, pesa ya kibarua nani anaiangalia?

Asanteni jamani, walio nyuma sogeeni huku mbele kuna nafasi. Leo tuongee juu ya pesa mbili, mshahara wa mwisho wa mwezi na ile unayolipwa jioni ukitoka kazini, maana hapa Kenya ile ya kwanza serikali inaikodolea macho na ya pili inaiacha ipite tu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 230, iliunda tume nzima, SRC, yaani Tume ya Mishahara na Marupurupu, kazi yake kupanga mishahara ya maafisa wakuu wa serikali na kushauri juu ya wafanyakazi wengine wa umma. Kaunti nazo zina mpaka tangu 2015, mishahara isipite asilimia 35 ya mapato yao. Na hata kwa kampuni binafsi, ukishaandikwa vizuri KRA, wale wa kukusanya kodi, inaona kodi yako na NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, inaona makato yako, kila mwezi.

Sasa njoo kwa yule wa mjengo, wa godauni, wa kuchuma chai. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akupe karatasi inayoonyesha umelipwa ngapi na umekatwa nini, sawa kabisa, lakini shuka chini kwenye kifungu hichohicho cha 20 utakuta kibarua ameondolewa, anayelipwa kwa kipimo cha kazi pia ameondolewa, yaani yule rahisi zaidi kupunjwa ndiye sheria haimdai mwajiri ampe karatasi! Hili linaniuma sana. Kima cha chini cha mshahara kipo, kilipandishwa asilimia 6 mwaka 2024, hata cha siku na cha saa vimeandikwa, lakini afisa wa leba akija atashika nini mkononi?

Halafu kuna kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo, hiki wengi hamkijui: ukifanya kazi mfululizo siku zikafika jumla ya mwezi mmoja, au kazi yenyewe haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, wewe si kibarua tena, unahesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi. Waajiri wanakijua, ndiyo maana wengine wanakusimamisha siku chache kisha wanakuita upya.

Kwa hiyo andikeni tarehe, saa, jina la supavaiza na pesa mliyopewa, na mkilipwa kwa M-Pesa msifute meseji. Bunge nalo liondoe ule msamaha wa kifungu cha 20, karatasi apewe kila mtu hata aliyefanya kazi siku moja.

Haya, maswali, tuanze na mama pale.