Weusi wa Udongo Si Shibe ya Mboga

Wazee wangu, mama zangu wa bustani, ndugu zangu wa Nguruka, shikamooni.

Ndoo hii nimeijaza udongo wa ukingo wa kinamasi, pale mafunjo yanapoishia. Naukamua mbele yenu. Maji yanayotoka yana rangi ya chai, na kiganjani zimebaki nyuzinyuzi za mizizi. Wataalamu wanauita piti: mimea iliyolala majini miaka na miaka ikakosa hewa ya kuiozesha. Huu mwingine niliuanika juani. Upokezaneni. Ni mwepesi kama pumba, sivyo?

Weusi huu ulinidanganya. Mara ya kwanza nilipanda mchicha bila kutia chochote, nikiamini ardhi imeshiba. Ukaota, ukafika urefu wa kidole, ukadumaa hapohapo, wa njano mpaka mashinani. Naitrojeni, chakula kinachokuza majani, ilikuwemo, ila vijidudu vinavyoozesha nyuzi hizi huitwaa kabla ya mboga. Fosforasi na potasiamu, vyakula vingine vya mimea, ni haba, na juu ya hayo udongo ni mchachu.

Basi anzeni na uchachu. Majivu safi ya jikoni yanafaa, maana yana kalsiamu na potasiamu; chokaa ya kilimo pia inafaa. Lakini msitafute pH (kipimo cha uchachu; kikishuka, uchachu umezidi) ya 6.5 kama shamba la kichanga. Kwenye piti, 5 hadi 5.5 inatosha mboga za majani. Ukizidisha chokaa unaifunga shaba na zinki, nazo humu ni chache tangu mwanzo.

Mama mmoja ameniuliza hapo nje: udongo uliojaa masalia ya mimea unatiwa samadi ya nini tena? Swali zuri sana. Huku hatuweki samadi ili kulainisha udongo. Tunaiweka kwa sababu ya chakula kilichomo, ndiyo maana naipenda ya kuku kuliko ya ng'ombe. Kilo 2 kwa mita moja ya mraba, iliyooza vizuri, wiki mbili kabla ya kupandikiza. Mbichi huunguza miche, na inaacha vimelea vya maradhi kwenye majani tunayokwenda kula.

Wapo wanaosema mbolea ya dukani ni sumu, na wapo wanaoidharau samadi kuwa ni mambo ya kizamani. Wote siwaungi mkono. Mchicha tunaung'oa wiki ya nne, na samadi peke yake inachelewa kuachia chakula. Urea ya dukani, yenye naitrojeni asilimia 46, inawahi. Ila ukiimwaga yote kwa mkupuo, mvua moja kubwa inaipeleka mferejini. Kisoda kimoja kwa mita ya mraba wiki ya pili, kingine wiki ya tatu, kando ya mistari, udongo ukiwa na unyevu. Wala usiitie siku moja na majivu au chokaa. Ile harufu inayochoma pua ni naitrojeni inapaa, na hela yako inakwenda nayo.

Kwa fosforasi, mbolea ya mawe ya Minjingu, kutoka Manyara, inaelewana na udongo huu: uchachu ndio unaoiyeyusha polepole.

Ukiona majani machanga yanapauka ncha na kujikunja ilhali umetia mbolea ya kukuzia vizuri, shuku upungufu wa shaba. Dawa yake ni mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, lakini kwa kipimo cha bwana shamba tu. Ukizidi unaua mizizi.

Mwisho ni maji, na hapa nawaomba sana. Piti ikikaushwa mno inanywea, ardhi inashuka mwaka hadi mwaka, na ikishika moto unawaka chini kwa chini. Indonesia mwaka 2015 moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni 2, na moshi mzito ulitoka kwenye piti iliyokaushwa kwa mifereji. Kinamasi chetu cha Malagarasi-Muyovozi kiko kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu mwaka 2000, na sheria inataka tukae mita 60 kutoka kingo za mto. Tusisogee ndani. Tutunze matuta tuliyonayo, na maji ya mfereji yasishuke chini ya kipimo cha mkono wangu huu, kuanzia ncha ya kidole hadi kiwiko.

Haya, chukueni majembe. Tuta la kwanza ni lile la kwenye mgomba, na majivu yameshaletwa.